Pete ya Chini ya Kinu

Mathayo alitaka kumzika mdogo wake, na kwa kuwa mwili haukuwepo, alitaka kuzika mgomba.

Katika ukoo wao hilo halikuwa jambo la ajabu. Mtu akipotea miaka na habari zake zisisikike, wazee hukata mgomba wa kimo chake, wakauvisha sanda, wakauombea na kuufukia. Watu hulia siku tatu, hunyoa nywele, kisha kila mmoja hurudi shambani kwake. Mwinjilisti huikunjia uso desturi hiyo, lakini wali wa msiba hula. Mgomba ukishafukiwa, mtu huyo amekufa. Hata akitokea wiki ijayo na begi lake mkononi, amekufa, na itabidi azoee.

Mdogo mtu aliitwa Samweli. Aliondoka Tindiga mwaka tisini baada ya mavuno, akaaga kwamba anakwenda nyanda za juu kutafuta kazi ya kupasua mbao na kwamba atarudi kabla ya mvua. Mvua zilinyesha, zikakoma, zikanyesha tena. Sasa ulikuwa mwaka tisini na tatu, mwezi wa tano, mpunga umeanza kuinamisha vichwa, na mke wake Yunis hakuwa amepata barua wala salamu ya mdomo.

"Shemeji," Mathayo alimwambia siku ya kikao, mbele ya wakubwa wote wa ukoo, "tumekungoja wewe useme, husemi. Basi tumesema sisi. Mpunga ukishaingia ndani, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, tunamzika ndugu yetu."

"Samweli hajafa, shemeji."

"Umejuaje?"

 Yunis alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba mlango wa nyuma haukufungwa. Lakini kikao hakipokei majibu ya namna hiyo, na yeye mwenyewe alijua kwamba hakipokei.

Tusimwonee Mathayo. Alimpenda mdogo wake, na siku ile machozi yalimtoka kweli. Ila jicho moja lilikuwa likilia na la pili likitazama majaruba mawili ya mpunga kule bondeni, yale yenye maji mpaka mwezi wa sita. Majaruba hayo yalikuwa ya ukoo wa mama yao, na mgomba ukishafukiwa yangerudi kwa ndugu wa tumbo moja, yaani kwake. Yunis angechukua mwanawe Anastazia na mabakuli yake, arudi kwa baba yake huko Kimamba, kwenye kambi ya shamba la mkonge ambalo lilikuwa limefungwa na kuota magugu. Alizaliwa katika kambi ile. Hakutaka kabisa kwenda kuzeekea humo.

Alipotoka kikaoni alikwenda moja kwa moja kwenye kinu chake, akamwaga mpunga ndani na kuanza kutwanga kwa hasira.

Kinu hicho alikichonga Samweli mwaka themanini na tatu, walipooana, kwa gogo la mninga. Kiangazi cha kwanza kikapasuka ubavuni. Samweli, ambaye wakati huo alikuwa kibarua kwenye ghala la mkonge, akaja na tepe mbili za chuma, zile za kufungia marobota ya katani, akakizungushia kinu pete mbili, moja juu na moja chini. Ufa ukatulia. Ya juu ilibana vizuri mpaka leo. Ya chini ililegea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na sasa kila mchi uliposhuka, nayo ilijibu: cheng. Mchi, cheng. Mchi, cheng. Majirani walishazoea. Wakati mwingine kinu kikikaa kimya asubuhi, waliuliza kama Yunis anaumwa.

Mwenzake wa kutwanga alikuwa Hildegarda, jirani wa ng'ambo ya ua, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutisha kuku. Pale sokoni ilikuwa imekwisha kuja mashine ya kukoboa, lakini dizeli yake ilipatikana siku ilipotaka yenyewe, na Hildegarda alidai kwamba mchele wa mashine hauna ladha. Ukweli ni kwamba kwenye foleni ya mashine huwezi kuimba. Kinuni unaweza, tena unasema chochote. Tangu bibi zao, mwanamke anayetwanga alikuwa na ruhusa ya kumwimba mume, mama mkwe, hata mwenyekiti wa kijiji, na hakuna aliyeweza kumpeleka kokote kwa maneno ya kinuni. Anayeimbwa husikia, hunywa maji, hunyamaza.

Siku ile Yunis aliimba:

*Aliaga kabla ya mvua, mvua hii imekuja,*
*aliaga kabla ya mvua, mvua ya pili imepita.*

"Labda anangoja mwavuli!" akaitikia Hildegarda, mchi wake ukishuka.

*Shemeji ananoa panga,*
*mgomba umekosa nini?*

Hildegarda akacheka mpaka akakosa zamu yake ya kupiga. Ng'ambo ya njia, Mathayo alikuwa akisikia. Alinywa maji.

Siku chache baadaye alikuja Herman.

Herman alikuwa na kibanda Mikumi, kando ya barabara kuu, kilichoandikwa mlangoni HAPA TUNAREKODI KANDA. Zamani, mtu wa Kilosa akitaka wimbo wake urekodiwe ilimpasa aende Dar es Salaam, kwenye redio ya taifa, na barua ya utambulisho, akasubiri kuitwa. Wengi walizeeka wakisubiri. Ilipoingia ruksa ya biashara, radio kaseti zikaingia pamoja na mitumba na sabuni za kunukia, na kijana kama Herman, mwenye deki mbili na waya wa kuziunganisha, akaweza kumpa dereva wa lori nakala ya muziki wowote kabla chai yake haijapoa. Alikuwa msafi kupita kiasi. Kila asubuhi alifuta hedi za deki, pale kanda inapogusa, kwa pamba na spiriti, na mteja aliyeleta kanda yenye vumbi alirudishwa nayo. Kitu kimoja kilimkera: kanda zote alizonakili zilikuwa kazi za watu wengine. Alitaka moja iandikwe ubavuni, "Imerekodiwa na Herman."

Alikuja Tindiga kwa baiskeli kutafuta mchele wa mgahawa wa mama yake, radio kaseti ikiwa imefungwa kwenye keria kwa mpira. Akawasikia wanawake wawili uani, akasimama na mguu mmoja chini.

"Hodi. Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

"Naomba niurekodi huo wimbo."

Hildegarda alitaka kujua kama atatokea pia kwenye picha. Yunis aliuliza jambo lingine.

"Kanda zako zinafika wapi?"

"Madereva ndio wanaochukua, mama. Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma."

Nyanda za juu. Yunis aliweka mchi chini. Ikiwa barua hazifiki kwa mtu asiyejulikana aliko, sauti ikipita barabarani kutwa kucha labda itamkuta. Akakubali, na hakuuliza atapata nini.

Herman aliweka radio kaseti yake juu ya kigoda, akatia kanda tupu, moja tu aliyokuja nayo. "Endeleeni kwanza, nipime sauti," alisema, na wao wakaendelea bila kujua kwamba mashine ilikuwa tayari inazunguka. Wakaimba yote, la mvua, la mwavuli, la shemeji na panga lake. Jogoo aliwika katikati. Mtoto wa Hildegarda alikohoa. Anastazia aliita kutoka jikoni, "Mama, moto unazimika!" na Yunis akamjibu, "Puliza!" bila kukosa pigo. Na pete ya chini, cheng, cheng, mwanzo hadi mwisho.

Herman alisikiliza kidogo, akakunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga ndani ya wali.

"Hii ya majaribio imejaa kelele. Tena betri zimechoka. Sasa tufanye yenyewe."

Akaanika betri juani ili zipate nguvu. Akafukuza kuku. Akatandika gunia chini ya kinu, akakata kipande cha mpira wa baiskeli na kukisokomeza nyuma ya ile pete mpaka ikanyamaza. Akamwomba Hildegarda apige mchi lakini asiseme neno. Mwishoni akaomba watwange kinu kitupu, kwa sababu mpunga nao unachakacha.

"Kinu kitupu?" Yunis alimtazama. "Unataka kutuitia njaa nyumbani, mwanangu?"

Hildegarda alikuwa tayari ameshachukua mchi wake kuondoka. Ikabidi Herman aombe radhi mara mbili, na mwisho wakapatana kutia pumba.

Akairudisha kanda mwanzo na kurekodi tena juu yake. Safari hii Yunis alijua kwamba anasikilizwa. Aliimba akiwa amesimama wima, kila neno limenyooka, kama anasoma tangazo la kijiji. Aliacha habari za panga na mgomba, maana aliona aibu kuzipeleka Tunduma. Wimbo ukawa mfupi.

"Safi," Herman alisema, na uso wake uling'aa kweli. "Safi kabisa."

Mwezi wa sita ukapita. Mpunga ukavunwa, ukapigwa, ukaanikwa. Yunis alimtuma kila aliyekwenda Mikumi aulizie, na jibu lilikuwa lile lile: bado. Mwanzoni mwa mwezi wa saba akapata lifti ya pikapu ya mfanyabiashara wa mpunga, akaenda mwenyewe.

Kibanda kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Herman alimpa kiti na hakumtazama machoni.

"Wanasikiliza kidogo, mama, halafu wanaomba kitu kingine. Sijui kwa nini. Sauti ni safi."

Wakati huo akaingia dereva, mtu mzima wa Rungwe mwenye kofia ya sufi, aliyeitwa Lupakisyo. Lori lake lilikuwa limeegeshwa nje, linaelekea Tunduma.

"Shikamoo, mzee," Yunis alisema.

"Marahaba, mwanangu. Herman, nipe kitu kisichonilaza njiani. Ule muziki wa juzi ulinilaza nikiwa naendesha."

Herman akaona hapa ndipo pa kujaribu. Akatia kanda ya Yunis. Lupakisyo alisikiliza ameinamisha kichwa, kwa heshima, mpaka wimbo ulipokwisha.

"Anaimba vizuri," alisema. "Lakini kama mtu aliyekuja kulia msiba wa watu asiowajua."

Yunis alitazama sakafu. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Sasa, kanda ina tabia moja. Ukirekodi wimbo mfupi juu ya mrefu, wa mwanzo haufutiki wote. Unabaki mkia. Herman alikuwa amechelewa kubonyeza, na ndani ya spika pakasikika kishindo, halafu mvumo kama mvua inayokuja kwa mbali, halafu kicheko cha Hildegarda kikajaa kibandani.

*Shemeji ananoa panga,*
*mgomba umekosa nini?*

Cheng. Cheng. Jogoo akawika.

Herman alinyoosha mkono haraka kuzima. Lupakisyo akaushika mkono huo.

"Acha. Hiyo hiyo."

"Hayo ni majaribio, mzee. Ina kelele, tena betri zilikuwa zimechoka, ilirekodi polepole, ndiyo maana sasa inakimbia."

"Hii ina watu ndani," Lupakisyo alisema. Akavuta kigoda, akakaa. "Mama, moto unazimika," iliita kanda, na yule dereva akatabasamu peke yake. "Na hicho kinacholia cheng ni nini?"

"Ni pete ya kinu changu," Yunis alisema. "Imelegea."

Alisema hivyo, kisha akashika mdomo. Sauti yake ndani ya ile kanda ilikuwa nyembamba na nyepesi, kwa sababu ya zile betri zilizochoka. Ilikuwa sauti ya msichana wa miaka kumi na minane, ile ambayo Samweli aliijua kabla ya maisha kuikwaruza. Na nyuma yake ilikuwa inalia pete ambayo Samweli aliifunga kwa mikono yake. Sauti za wanawake zinafanana, na nyimbo za kutwanga ziko nyingi. Lakini cheng ile ilikuwa moja tu duniani, na Herman alikuwa ameiziba kwa mpira wa baiskeli! Yunis alitaka kumpiga, na alitaka kujipiga mwenyewe pia kwa kumruhusu.

Akamweleza dereva kila kitu, habari ya Samweli, mbao, miaka mitatu, mgomba na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane.

"Ukikuta panapopasuliwa mbao, mzee wangu, simamisha gari. Fungulia sauti yote."

Lupakisyo alichukua nakala nne, moja yake na tatu za wenzake. Herman alizinakili kimya, akiumia kila jogoo alipowika. Wiki iliyofuata madereva wengine walikuja kuuliza ile kanda ya jogoo. Mbele ya safari watu walinakili kwa nakala, na nakala za nakala, kwa radio kaseti juu ya meza za migahawa, mlango wazi, vikombe vikigongana. Kila mara mvumo uliongezeka na maneno ya Yunis yakarudi nyuma kidogo. Cheng ilibaki pale pale mbele.

Lakini Tindiga hakukuja neno. Mwezi wa saba ukaisha. Mathayo na wenzake wakachagua mgomba nyuma ya nyumba ya Yunis mwenyewe, wakaupima kwa suruali ya kanisani ya Samweli wakiongeza kiwiliwili kwa kukisia, wakabishana kidogo juu ya shingo. Ijumaa wakaukata. Wakaulaza juu ya mkeka barazani, umefunikwa shuka nyeupe, na kaburi likachimbwa kwa ajili ya kesho. Ndugu kutoka Msowero walikuwa wamekwisha fika. Watu wa msibani lazima wale, na kwa desturi mchele wa kwanza hutwangwa na mwenye kufiwa. Basi Yunis akapewa debe la mpunga atwange wali wa msiba wa mume wake.

Alitwanga. Hildegarda alisimama upande wa pili, naye kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakufanya mzaha. Hawakuimba. Palisikika mchi na pete tu, mchi na pete. Yunis alikuwa akifikiri kwamba labda Mathayo ndiye mwenye akili na yeye ndiye mjinga. Machozi yalimdondokea ndani ya kinu na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Saa tisa alasiri wanaume wawili waliingia uani, wamejaa vumbi. Mmoja alikuwa Herman. Wa pili alivua kofia ya sufi.

"Sikuuliza njia," Lupakisyo alisema. "Tulipofika pale darajani nikasikia kinu."

Mchi wa Yunis ulibaki juu.

Dereva aliletewa maji, akanywa, akaulizwa habari za safari, akajibu ni nzuri, kama inavyopasa. Kisha akasema mbele ya wote. Juma lililopita alisimama Mafinga, mahali wanapopasua mbao nje kidogo ya mji, akafungua milango yote miwili ya lori na kuweka kanda. Wapasuaji walikuja kucheka ile habari ya shemeji na panga lake. Mmoja hakucheka. Alisimama pembeni, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope, na kanda ilipokwisha akaomba irudishwe. Irudishwe tena. Mara tatu.

"Akasema, 'Kinu hicho nimekichonga mimi. Mwambie mwenyewe kwamba pete ya chini imelegea. Agonge kabari ya mti mkavu, la sivyo ufa utafunguka.'"



"Ndiyo hayo tu?" Yunis aliuliza. "Miaka mitatu, na ananizungumzia pete?"

"Kwa mdomo wake, ndiyo hayo."

Mathayo alikuwa amesimama karibu na mgomba wake. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mzee, tunakushukuru kwa kuja. Lakini kila mwenye masikio anasikia kwamba pete imelegea. Mtu yeyote angeweza kusema hivyo. Sisi tumekwisha chimba."

"Nilijua mtasema hivyo, nikamwambia," Lupakisyo alijibu. "Akafikiri. Akasema, 'Kabla sijaifunga ile ya chini nilikwaruza kitu kwa msumari, upande wa ndani. Sijapata kumwonyesha mtu. Waangalie.' Hakuniambia ni nini."

Hakuna aliyengoja ruhusa. Mpunga ukamwagwa kwenye ungo, kinu kikalazwa ubavu, na Hildegarda akaingiza ncha ya kisu nyuma ya pete. Kwa kuwa ilikuwa imelegea, ilitoka bila ugomvi. Ilikuwa nyekundu kwa kutu. Mathayo aliishika yeye mwenyewe, akaisugua kwa kidole gumba, akaigeuza kwenye mwanga. Macho yake hayakuona vizuri karibu. Akampa Anastazia, ambaye alikuwa darasa la tatu na alisoma kila kitu, hata mifuko ya mbolea.

"Yu-nis," Anastazia alisoma. "Shangazi Hilda, ni jina la mama. Halafu themanini na tatu."

Yunis alikaa chini pale pale, juu ya pumba. Miaka kumi alikuwa akikipiga kinu kile asubuhi na jioni, wakati mwingine akimtukana mwenye kukichonga kwa kila pigo, na jina lake lilikuwa humo ndani muda wote, likilia.

Mathayo naye alikaa. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, kando ya mgomba, akalia safari hii kwa macho yote mawili. Alipomaliza aliutazama ule mgomba ndani ya shuka yake nyeupe.

"Sasa huyu tumfanyeje?"

"Mpe ng'ombe!" Hildegarda alipiga kelele, na kicheko chake kikarudi na kutawanya kuku uani kote. Watu wa Msowero walicheka. Hata mwinjilisti alicheka, kisha akauliza kama wali bado upo.

Ulikuwepo, ila haujatwangwa. Watu walipokuwa wakitawanyika kwenda kufukia shimo, Lupakisyo alimvuta Yunis kando.

"Kuna lingine. Aliniomba nisikwambie, na mimi sikuahidi. Mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili. Msumeno, mwaka wa kwanza tu. Sasa anabeba magogo, hapasui. Nilimuuliza kwa nini harudi kwake. Akasema, mchongaji asiyeweza kushika tezo arudi kufanya nini."

Kwanza Yunis alimhurumia mumewe. Kisha hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka. Miaka mitatu! Samweli alikuwa amepimiwa mgomba, amechimbiwa kaburi, mkewe ametwangishwa wali wa matanga yake, kwa sababu ya vidole viwili!

Aliporudi kinuni alimkuta Hildegarda amekwisha kirudisha kwenye miguu yake, pete iko mahali pake, na ameshika kijiti cha mti mkavu alichokichonga ncha.

"Kabari hii hapa. Niipige?"

Yunis aliichukua ile kabari, akaitazama, akaitupa jikoni kwenye moto.

"Herman, umekuja na mashine yako?"

"Nimekuja nayo, mama. Lakini betri zimechoka. Ningeanika kwanza, halafu tungehamisha kuku, na—"

"Washa hivyo hivyo."

Herman akaweka radio kaseti juu ya kigoda na kubonyeza. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wakifukia kaburi tupu kwa majembe na kutaniana. Jogoo alikuwa karibu kabisa na kipaza sauti. Yunis aliinama juu ya kinu chake na kusema, bila wimbo, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mwenzake chumba cha pili:

"Samweli. Habari ya pete nimeipata. Jina nimelisoma. Pete siikazi. Vidole vinane vinatosha kukaza pete. Njoo uikaze mwenyewe."

Kisha akainua mchi, akatwanga, na pete ikalia.